Nilimzuia mke wangu kurudi kumalizia root canal, jino "lililopona" likamziba koo

Wakuu, salamu kutoka Bwera, huku mwisho kabisa wa Uganda. Ukivuka daraja tu uko Kongo.

Nimesoma nyuzi za watu humu kwa miaka bila kuandika hata mstari. Leo ni zamu yangu. Sitapamba kitu. Nitaandika yalivyokuwa, pamoja na zile sehemu ambazo ningetamani zibaki ndani ya nyumba yangu. Kiswahili chetu cha huku bara mnakijua, mnivumilie.

Kwanza mnijue kidogo.

Naitwa Wafula. Baba yangu alitoka Kenya, upande wa Bungoma, akaja Kasese kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Mimi nimezaliwa huku huku. Kazi yangu ni kushughulikia makaratasi ya mizigo hapo mpakani Mpondwe. Mke wangu anaitwa Biira, Mkonzo wa Kyarumba, kule milimani kwenye kahawa. Ana kibanda cha vitenge sokoni. Tuna mtoto mmoja wa kike, Ruti, ndiyo maana ukweni naitwa Baba Ruti.

Sasa twende kwenye meno.

Mwanzoni mwa 2017 niliumwa gego mpaka nikawa napiga kichwa ukutani. Nikaenda Kasese mjini kwa daktari mmoja wa meno, mama wa makamo, nitamwita Musawo Kabugho. Huku kwetu daktari tunamwita musawo. Nilikwenda nikijua nang'olewa, yeye akasema jino linaweza kuokolewa kwa root canal.

Kwa wasiojua: jino lina mizizi, na ndani ya mizizi kuna njia nyembamba kama uzi inamopita neva. Daktari anatoboa jino kwa juu, anaondoa kilichoharibika mle ndani, anasafisha hizo njia, halafu anaziba kabisa. Jino linabaki mdomoni, ila halisikii tena maumivu.

Langu lilichukua kama saa mbili. Ganzi, kazi, picha, kuziba, kwaheri. Siku moja tu. Jioni nilikuwa mpakani napiga mihuri kama kawaida.

Wakuu, nikawa mhubiri. Kila mtu aliyeshika shavu mbele yangu nilimwambia nenda Kasese, siku moja unamaliza. Nilijiona kama mimi ndiye niliyeigundua hiyo kazi.

Kumbe nilikuwa najua jino moja tu. La kwangu.

Miezi kadhaa baadaye Biira naye akaanza. Gego la chini, kushoto, la nyuma kabisa. Yeye si mtu wa kulalamika. Nilijua tu kwa sababu alianza kutafuna upande mmoja, na kwenye fizi chini ya lile jino kulikuwa na kipele kinachojaa usaha, kinapasuka, kinajaa tena. Alikuwa ameishi nacho muda mrefu bila kuniambia.

Nikamwambia, "Twende Kasese. Asubuhi tunakwenda, mchana tunarudi."

Akaniuliza, "Siku moja inatosha kweli?"

"Mimi sikumaliza siku moja?"

Tukaenda. Kwa sababu mimi nilikuwa mteja wa zamani, ndiye niliyejaza fomu. Pale kwenye namba ya simu nikaandika yangu. Sikufikiria chochote. Hiyo namba mtaisikia tena hapa chini.

Musawo akapiga picha ya jino, akamchoma ganzi, akafungua. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye kiti pembeni. Ile harufu iliyotoka jino lilipofunguliwa siwezi kuielezea, niseme tu kwamba nilitazama dirishani.

Alifanya kazi muda mrefu. Anasafisha, anamwagia dawa, anakausha, anarudia. Mimi naangalia saa, maana nilikuwa na magari mawili ya chumvi yananisubiri mpakani.

Mwishowe akaacha. Akaniambia, "Leo simalizi. Naweka dawa ndani, nafunga kwa simenti ya muda. Arudi baada ya wiki mbili."

"Musawo, langu si ulimaliza siku ile ile?"

"Lako lilikuwa na neva hai imevimba tu. Hili lilikufa siku nyingi." Akaniita karibu. "Njoo uone."

Alikuwa na vijiti vyembamba vya karatasi, vyembamba kama sindano. Akaingiza kimoja kwenye mzizi wa jino la Biira, akakitoa. Kimelowa, njano njano, na damu kwa mbali.

"Nimekausha mara nne," akasema. "Kila nikiingiza kinatoka hivi. Nikiziba leo, nafungia huu uchafu ndani, halafu atarudi hapa uso umejaa."

Mimi bado nikabisha. "Kwa hiyo la usaha haliwezi siku moja?"

"Mara nyingine linaweza, likikauka. Simwambii mtu kabla sijafungua na kuona. Lake halijakauka."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini kichwani nilikuwa nimeshaamua huyu mama anatuzungusha. Nikatoka pale nimenuna. Biira shavu limekufa ganzi, mimi ndiye niliyenuna.

Kilichoniharibu zaidi ni kwamba jino lilitulia.

Siku tatu, kimya. Kipele cha kwenye fizi kikanywea. Biira akaanza kutafuna nyama. Nikamwambia, "Unaona? Limepona."

Wiki mbili zikafika. Asubuhi ile alikuwa ameshavaa, kadi ya kliniki mkononi. Mimi siku hiyo nilikuwa na mzigo mkubwa, na nilitaka yeye abaki kibandani apokee mteja wangu mmoja kutoka Beni aliyekuwa anakuja kuchukua makaratasi yake. Sikutaka kusema hivyo waziwazi. Nikasema hivi:

"Linauma?"

"Hapana."

"Sasa unakwenda kupanda gari siku nzima kwa jino lisilouma?"

Akasimama mlangoni. "Musawo alisema dawa ya ndani ni ya muda."

"Wale ndivyo wanavyosema wote. Utaenda wiki ijayo."

Akavua viatu vya safari, akavaa ndala. Hakugomba. Mpaka leo nikikumbuka zile ndala roho inaniuma.

Wiki iliyofuata kukawa na jambo lingine. Halafu ikafika mwezi wa kumi, kahawa ikaanza kuiva Kyarumba, na mama yake akamwita akasaidie kuchuma. Akamchukua Ruti, wakapanda mlimani.

Sasa ile simu.

Musawo Kabugho alinipigia. Mara mbili, siku tofauti. Mara ya kwanza nikasema, "Atakuja wiki hii." Mara ya pili aliniambia hivi, na maneno yake nayakumbuka vizuri: "Bwana Wafula, ile simenti ya juu haidumu. Ikivunjika, wadudu wanaingia kwenye jino lisilo na neva, na yeye hatasikia maumivu ya kumuonya mapema. Mwambie."

Nikasema, "Nitamwambia."

Sikumwambia, wakuu.

Sikuwa na sababu. Sikutaka tu kuonekana nilikosea. Jino halikuuma, mke alikuwa mlimani, kazi ilikuwa nyingi. Nikaweka simu mfukoni na maisha yakaendelea.

(Samahani, niliacha hapo jana, umeme ulikatika. Naendelea.)

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Nimevaa suti, natoka kwenda kanisani. Simu ikaita, ni Thembo, kaka mdogo wa Biira. Kule kwao mtandao ni wa kutafuta, mpaka upande kwenye kilima cha shule. Nilimsikia anahema.

"Shemeji, kuja. Biira iko mubaya."

"Mbaya vipi? Malaria?"

"Si malaria. Ni jino. Shingo imejaa. Hawezi fungua mudomo. Hawezi kumeza hata mate yake."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu Alhamisi. Simenti ilivunjika alipokuwa anakula mahindi ya kuchoma, siku kadhaa nyuma. Hakuogopa, kwa sababu mimi nilishamwambia jino limepona. Shavu likaanza kujaa, akasukutua kwa maji ya chumvi, akanywa vidonge vya maumivu vya duka la dawa. Ijumaa uvimbe ukashuka chini ya taya. Jumamosi ukavuka kwenda upande wa pili.

Sikwenda kanisani. Nilichukua boda mpaka Kisinga, nikapata nyingine ya kupanda Kyarumba. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki inateleza, yule dereva ananiambia shuka tembea hapa, panda hapa. Kutoka pale barabara ilipoishia mpaka kwa mama mkwe ni kupanda kwa miguu. Kiatu cha kanisani kwenye ule udongo, wakuu, nilianguka mara sikuhesabu.

Nilimkuta amekaa juu ya kitanda. Amekaa, hajalala. Ameinamisha kichwa mbele, kitambaa mkononi, mate yanatiririka kwenye kitambaa kwa sababu hayawezi kushuka kooni. Chini ya kidevu pamejaa kutoka sikio mpaka sikio, ngozi inang'aa, ngumu kama ubao. Nilipoigusa alinipiga mkono.

Macho yake yalinitazama. Sauti haikutoka. Akitaka kusema inatoka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kona. Kwa desturi yeye na mimi hatuongei sana, tunaheshimiana kwa mbali. Siku hiyo alinisogelea mpaka karibu.

"Baba Ruti, mutoto wangu anakufa. Mupeleke."

Majirani walishaleta machela, ile ya miti tunayobebea wagonjwa kushuka mlima. Wanaume sita. Tukamlaza Biira.

Hatukuvuka hata ua. Alianza kukwama pumzi. Alirusha mikono, miguu inapiga, uso ukabadilika rangi. Thembo akapiga kelele, "Mukalishe! Mukalishe!" Tukamwinua. Akavuta hewa kwa sauti ile kama ya mtu anayekoroma akiwa macho.

Akaniashiria nimpe simu yangu. Akaandika, akanionesha: USINILAZE.

Tukasimama pale wanaume wazima hatujui la kufanya. Machela ni ya kulala. Kumbeba mgongoni kwenye ile njia huwezi, kifua kinambana.

Thembo ndiye aliyepata akili. Akaingia ndani akatoka na kiti cha mbao cha mama yake, kile chenye mikono. Wakakifunga kwa kamba kwenye miti miwili ya machela, pande zote mbili. Tukamkalisha Biira, tukamfunga kiunoni kwa kitenge asianguke mbele. Wawili mbele, wawili nyuma, wengine wawili pembeni wanashikilia kiti kisipinduke.

Ruti alikuwa anamwita mama yake. Bibi akamshika, akamgeuza uso asione.

Ile njia ya kushuka naijua, huwa naimaliza kwa dakika arobaini nikiwa na haraka. Siku ile ilikuwa ndefu kuliko safari yoyote ya maisha yangu. Udongo unateleza. Wa mbele wanashuka wakiwa wamechuchumaa ili kiti kibaki sawa. Mimi nilikuwa kulia kwake. Nilikuwa nasikiliza pumzi tu. Inavuta, inakwama, inavuta. Kila ikikwama nahesabu moyoni. Kuna mahali ilikwama nikafika sita, nikamwita kwa jina, ikarudi.

Watu waliokuwa wanatoka kanisani walikuwa wanasimama pembeni kutupisha. Wanaume wengine waliweka Biblia chini, wakapokea miti kwa waliochoka. Hakuna aliyeombwa.

Tukiwa njiani nilimpigia Musawo Kabugho. Nilipopata mtandao tu. Nilijua atanilaumu. Aliniuliza maswali matatu: anameza? anaweza kulala? ulimi umeinuka? Majibu yote yalikuwa mabaya.

"Usimlete Kasese kwangu, ni mbali. Mpeleke hospitali ya hapo chini, ile yenye chumba cha upasuaji. Nawapigia sasa hivi wajiandae. Asile, asinywe, asilale. Nami nakuja."

Barabarani tukapata pikapu ya mtu wa kahawa. Akamwaga magunia pembeni, akatuambia pandeni. Biira akakaa mbele na mimi, wengine nyuma.

Kufika chini kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja akaja na bunduki, "Zima gari! Shuka wote!"

Nikasema, "Afande, mgonjwa."

Akainama dirishani, akamtazama Biira. Mate, kitambaa, ile shingo. Akaruka nyuma akaanza kuwapigia kelele wenzake, "Ondoa mti! Ondoa! Wewe, dereva, endesha! Nini unangoja?"

Hospitali siitaji jina, wa huku mtaijua. Walikuwa wanatusubiri nje. Daktari kijana, Mkonzo, alimpeleka moja kwa moja. Alimwambia afungue mdomo, hata vidole viwili havikupita. Alichungulia kwa tochi. Akanivuta pembeni.

"Usaha umeingia chini ya ulimi na shingoni. Ulimi umesukumwa juu unaziba njia ya hewa. Lazima tupasue chini ya taya sasa hivi, tuutoe, na tung'oe hilo jino. Tutajaribu kupitisha mpira wa hewa kwanza. Tukishindwa, tunatoboa koo kwa mbele. Anaweza kutufia mezani. Tukingoja, atakufa kwa uhakika."

Akanipa karatasi ya kukubali upasuaji. Na kalamu.

Nilitafuta mstari wa kusaini sikuuona. Nikawa nimeinama juu ya ile karatasi, na hapo nikaona mkono mwingine umekuja. Biira. Amekaa kwenye kitanda, amenyoosha mkono. Hakuitazama sura yangu, alitazama kalamu.

Daktari akasema, "Mpe. Ana akili zake."

Akasoma yote. Pumzi inakwama na anasoma. Akaandika jina lake.

Wakampeleka.

Nilikaa nje na Thembo. Suti yangu ilikuwa imeganda udongo mpaka magotini. Thembo hakuniuliza kitu, na mimi ndicho nilichokuwa naogopa, aulize. Mlango ukifunguka nasimama. Muuguzi anapita na beseni, nakaa. Nilijaribu kuomba nikagundua najua tu kusema "tafadhali".

Musawo Kabugho akafika kutoka Kasese kwa gari lake, akanipita kama sipo, akaingia ndani.

Alitoka alasiri. Amevua glavu. Akasema, "Yuko hai. Mpira ulipita, hawakutoboa koo. Tumetoa usaha mwingi. Jino limetoka."

Nikaanguka kwenye benchi nikalia mbele za watu.

Nilifikiri sehemu mbaya imeisha.

Siku ya tatu Biira alikuwa amekaa kitandani, dripu mkononi, vimpira viwili vimechomoza chini ya taya vinatoa maji machafu kwenye bandeji. Hawezi kuongea bado. Musawo alikuja kumwangalia. Akasafisha, akamweleza polepole nini kilitokea. Halafu akamwuliza, si kwa ubaya, kama daktari anavyouliza:

"Biira, kwa nini hukurudi? Nilipiga simu mara mbili."

Biira akageuka kwangu.

Wakuu, nimewahi kutazamwa na afisa wa forodha aliyenikuta na karatasi isiyo sawa. Nimewahi kutazamwa na baba yangu nikiwa na makosa. Haikuwa kama hii. Alitazama tu. Halafu akachukua simu, akaandika, akanionesha: ALIPIGA?

Nikasema, "Alipiga."

ULIMJIBU NINI?

"Nilisema nitakuambia."

Akaweka simu juu ya shuka, akageukia ukuta. Musawo akakusanya vitu vyake akatoka. Mimi nilikaa pale mpaka muuguzi akaniambia muda wa wageni umeisha.

Alitoka hospitali baada ya karibu wiki mbili. Hakurudi Bwera. Alikwenda kwa mama yake, akakaa mpaka kahawa ikaisha. Nilikuwa napanda kila Jumapili. Wananipa chai, Ruti ananikalia magotini, Biira anajibu ninachouliza. Hivyo tu.

Jumapili moja, sauti yake ikiwa imerudi, aliongea. Tulikuwa tumekaa kwenye majamvi ya kuanikia kahawa.

"Sikukasirika kwa sababu hukujua," akasema. "Mimi pia sikujua. Nimekasirika kwa sababu ulijua, ukakaa nacho."

Nikasema nisamehe.

"Nimekusikia. Lakini mdomo huu ni wangu. Kuanzia leo mambo ya mwili wangu naambiwa mimi."

Nikasema sawa.

Akarudi nyumbani mwezi uliofuata.

Sasa, kwa sababu najua kuna mtu atasoma mpaka hapa aondoke akisema "root canal ya siku nyingi ndiyo salama, ya siku moja ni hatari", au kinyume chake, ngoja nimalizie.

Mwaka uliofuata, 2018, jino lingine la Biira likaharibika, la juu. Nalo lilikuwa na usaha. Aliondoka asubuhi akaniambia anakwenda Kasese, hakuniomba maoni. Mimi nilijiandaa kwa wiki mbili, wiki nne, chochote. Jioni akarudi.

"Limeisha," akasema.

"Limeisha vipi? Si lilikuwa na usaha?"

"Alifungua, akasafisha, likakauka. Akasema hakuna sababu ya kuningojesha. Akaziba."

Siku moja! Mpaka leo jino hilo linatafuna.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza ni hiki. Hakuna "siku moja" au "siku nyingi" ya kuchagua kama unachagua soda. Anayeamua ni daktari akishafungua na kuona ndani, na jino la jirani yako halikuhusu. Akisema limeisha siku moja, limeisha. Akisema rudi, rudi, hata kama haliumi. Jino ambalo halijamalizwa linaweza kunyamaza huku kazi bado iko nusu. Na ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya, mtu hamezi mate, hawezi kulala chali, hapo usisukutue chumvi. Mkalishe wima mkimbize hospitali.

Na lingine, hili ni kwa wanaume. Ujumbe wa daktari kuhusu mwili wa mkeo si wako. Ni wake. Mfikishie kabla hujamaliza hata kukata simu.

Biira ana kovu chini ya taya, kama mstari wa kidole. Wateja wanamwuliza sokoni. Hafichi. Anawaambia kitenge mkononi, kuanzia mwanzo, jino, simu, kiti cha mama yake. Wiki iliyopita nilikuwa nimepita kibandani kumletea chakula, nikamkuta anamsimulia mama mmoja wa Kongo.

Yule mama akapiga makofi kwa mshangao. "Mungu wangu! Na huyo mutu alikukataza kurudi kwa munganga, ni nani?"

Biira akaninyooshea kidole. "Ni ule pale, anashika sufuria."

Jioni nikamwuliza kwa nini lazima aseme sehemu hiyo kila mara. Akasema, "Mimi nawaambia wanawake. Wewe umemwambia nani?"

Ndiyo nawaambia ninyi.

Karibuni mtoe yenu. Mliomaliza siku moja, mliorudi mara tatu, mliokatisha katikati kama sisi, na kama kuna daktari wa meno humu anirekebishe nilipokosea. Wa kunitukana pia mnaruhusiwa, nitasoma yote. Ila punguzeni matusi ya nguoni, Biira amekaa hapa pembeni anasoma, na tayari anacheka.